Hiari ya Siwema

Nesi Koleta aliisoma fomu kwa sauti: "Natoa figo yangu kwa hiari, bila kulazimishwa na mtu yeyote."

Siwema alikwishapaka wino kwenye dole gumba. Akausimamisha mkono hewani.

"Nesi, Mungu naye ni mtu?"

"Dada, usinichekeshe. Kaka yako figo zote zimekufa, anakusubiri wewe."

"Huyohuyo alinifukuza kwenye msiba wa mama. Wiki nzima najaribu kumkatalia. Nikisema sitoi, usingizi unagoma, chakula kinagoma. Hiyo nayo ni hiari?"

"Basi ni wema."

"Mie? Jina lenyewe Siwema!"

Koleta alicheka, kisha akaunyooshea mlango kidole. "Kama umelazimishwa, sipokei fomu. Nenda nyumbani, hakuna atakayekuuliza."

Siwema aliutazama mlango. Ulikuwa wazi. Aliutazama mpaka wino ukakauka. Halafu akachovya kidole upya, akakibonyeza chini ya neno "hiari".

Alipokiinua, wote wawili waliinama kutazama. Mistari myembamba, duara ndani ya duara. Siwema hakuulizwa alipozaliwa kama anaitaka, na duniani hakuna mwingine aliye nayo.

"Mh," alisema Koleta taratibu, akakigeuzia mwanga kidole chake mwenyewe.