Jani Lililofunikwa

Sabra aliingia na jani la mpera katika chumba alimowekwa ndani dada yake, Raya, kungoja harusi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Bi Ashura, kungwi wake, alikuwa akimpaka liwa ya kung'arisha ngozi mikononi.

"Ona anavyong'ara! Jua halijamgusa tangu Idi. Keshokutwa bwana harusi atapigwa na butwaa."

Raya alimtazama mdogo wake akibandua karatasi nyeusi aliyolifunikia jani kwa somo la sayansi. Pembeni jani lilikuwa kijani kibichi, lakini chini ya karatasi lilikuwa limepauka.

"Limefanya nini?"

"Limekosa mwanga, dada. Jani hujipikia chakula kwa mwanga. Ukilifunika, linashinda njaa."

"Na ungelifunua mapema?"

"Pengine lingerudi hali yake. Likichelewa, hudondoka lenyewe."

"Ya shule yabaki shule," alisema Bi Ashura, akatoka kufuata marashi.

Raya alililaza jani kwenye mkono wake. Pale palipopauka, hakuona mpaka wa jani na ngozi. Akainuka akiyumba, akaenda kushika komeo la dirisha.