Mtu wa Kukaa Kando ya Boila

Sheria ilimtaka kila fundi aliyetengeneza boila alete mtu wa nyumbani kwake, akae kando ya boila hilo kwa saa sita za kwanza baada ya kuwashwa. Kwa Nasemba, fundi wa kuzunguka viwandani mkoani Njombe, mtu huyo alikuwa mumewe, Lwitiko. Kwa miaka tisa Lwitiko alikaa, na mkewe akapanda madaraja.

Siku ya mtihani wake wa daraja la kwanza, katika kiwanda cha chai, Lwitiko alimuuliza kama kawaida, "Mama Atu, umeridhika nalo?"

Valvu moja ilimtia Nasemba shaka. Kuifungua upya kulimaanisha kushindwa mtihani na kusubiri miaka mingine mitatu.

"Nimeridhika," alisema, akatia saini.

Saa zote sita alisimama nje ya uzio. Lwitiko alitoka mzima, shati limelowa jasho, akamkumbatia kumpongeza. Nasemba hakuweza kumtazama usoni.

Cheti kilifika Ijumaa. Atu, binti yao aliyetimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita, alikisoma kwa sauti wakiwa mezani. Chini kabisa kilieleza kwamba mitambo ya daraja la kwanza huhitaji watu wawili wa familia.

"Basi nitakwenda na baba," Atu alisema, akiendelea kula. "Wewe hujawahi kukosea, mama."