Msiende kwa Bendera ya Buluu

"Zamieni kokote mtakako, lakini si kwa Bendera ya Buluu," alisema Mama Salomina kabla wageni hawajakanyaga gati vizuri. Begi la mwanamke alishalinyakua, liko begani kwake.

Wageni walikuwa mume na mke kutoka Semarang, Hestu na Laksmi. Walikuwa wamejinyima miaka mingi ili waje kuzamia visiwa vya Raja Ampat, mashariki ya mbali ya Indonesia, na hawakutaka safari yao iharibike. Tangu kwenye feri walikuwa wakilinganisha: nyumba ipi ya wageni ina vyandarua vizima, mpishi yupi anajua kupima chumvi, kampuni ipi ya kuzamia ina mitungi safi ya hewa na viongozi wanaongoja walio nyuma. Kwa upande wa nyumba hawakupewa nafasi ya kufikiri. Mama Salomina alishawachagulia kwake.

"Mama, huku kwenye simu watu wanasema Bendera ya Buluu ndiyo bora kisiwani," alisema Hestu wakati wa chakula, akihangaika na papeda, ugali laini wa sago, iliyonata kwenye kijiko. "Eti kiongozi wao anajua kila papa analala chini ya jiwe gani."

"Na hizo simu zimewahi kumbeba huyo kiongozi?" Mama Salomina aliuliza. "Maji ya kina yalimpiga mwaka jana. Alitolewa hapa amekufa ganzi kuanzia kiunoni, akavushwa mpaka hospitali ya Sorong akilia njia nzima. Daktari akamwambia, ukizama tena hurudi. Unajua alifanya nini alipoweza kusimama? Akaenda kujaza mitungi."

"Watu wanamwangalia tu?"

"Nani atamzuia? Baba yake alipofariki, ukoo ulimkabidhi yeye bahari yao. Sasa anasema hawezi kukaa ufukweni huku watu baki wanawatembeza wageni ndani yake. Nendeni mkazamie na Melkias. Ana maneno mengi, lakini mzima wa afya."

Laksmi alimtazama mumewe, kisha akaomba aongezewe mchuzi wa samaki.

Mama Fransina, jirani, alikuwa amesikia yote. Alimfuata Mama Salomina jikoni huku akitafuna popoo.

"Mwenzangu, leo tena? Hawa wa ngapi? Mwezi mzima yule hajapata mgeni hata mmoja."

"Vizuri."

"Vizuri! Atakula nini?"

"Aje ale kwangu."

"Mama wee, una roho ngumu." Mama Fransina alitema mate mekundu nje ya mlango. "Siku akijua ni wewe unayemfukuzia wageni, hatakanyaga hapa tena."

"Nani atamwambia? Wewe?"

Mama Fransina alitia popoo nyingine mdomoni. Alikuwa mdaku wa kutajika, lakini hilo alikuwa amelibana kifuani tangu msimu uanze.

Jioni Mama Salomina alipeleka chai kwenye kibanda cha wageni. Kuta za makuti hazifichi kitu, na mle ndani walikuwa hawanong'oni hata kidogo.

"Umeona alivyokuwa anatokwa na povu?" Laksmi alikuwa akisema. "Huyo Melkias lazima ni ndugu yake."

"Na ile hadithi ya kufa ganzi?"

"Ya kutishia watoto. Mtu aliyekufa ganzi angesifiwa hivi na wazamiaji wa dunia nzima? Mfanyabiashara akichukiwa hivyo na majirani, ujue amewashinda wote. Mimi alikuwa hajanivutia sana. Sasa namtaka huyo huyo."

Mama Salomina alisimama na birika lake mlangoni. Kulikuwa na neno moja tu ambalo lingewanyamazisha wote wawili. Alilimeza, maana lingefika kwa yule wa Bendera ya Buluu kabla chai haijapoa. Akaweka birika kizingitini, akaondoka bila kubisha hodi.

Asubuhi Laksmi alikuja jikoni na uso wa kuomba radhi.

"Mama, usikasirike. Tumeshampigia simu. Anakuja kutuchukua."

"Nitawapa mashua yangu mkatazame samaki taa wakubwa. Bure kabisa. Wanakuja juu juu, hamna haja ya kuzama."

"Mama..."

"Nitawafulia nguo. Nitawakaangia ndizi kila siku."

"Mama, jamani, ni kuzamia tu," Laksmi alisema kwa upole, akimshika mkono. "Wala yeye hana kinyongo na wewe. Alifurahi sana aliposikia tumefikia kwako."

Mama Salomina aligeukia jiko. Hakuwa na cha kukaanga, lakini alishika mwiko akakoroga mafuta matupu.

Mashua ilitia nanga karibu, bendera ya buluu ikipepea kwenye mlingoti wa mianzi. Alishuka mwanamume mrefu, akiburuta mguu wa kushoto majini. Hestu aliuona ule mguu, akamtazama mkewe. Laksmi alikuwa anafunga begi.

Yule mwanamume alikuwa anatabasamu kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Aliwasalimu wageni kwa mikono miwili, akapakia miwani na viatu vyao vya kuogelea, kisha akavua kofia.

"Nisubirini kidogo. Kwetu hatuondoki ufukweni bila sala."

Akapita katikati yao hadi mlangoni pa jiko, akapiga magoti kwenye mchanga, mguu mmoja kwa shida.

"Niombee, Mama."

Mama Salomina aliweka viganja juu ya kichwa cha mwanawe wa pekee. Kwa sauti alimwomba Mungu amlinde. Moyoni aliomba mashine ya mashua ikatae kuwaka.

Iliwaka kamba ilipovutwa mara ya kwanza.