Mpini wa Tano

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kidole kimoja cha mama kilikuwa kimemvunja fundi wa visu mzima mzima, mwezi wa nne sasa.

"Kaza," fundi alisema.

Mama yake alilifinya donge la unga uliokandwa. Gumba na vidole vitatu vilizama. Kidole cha shahada kilibaki juu, kimenyooka kama askari wa zamu. Hakikunjiki tena.

"Unga mzuri unaharibika bure," mama alisema. "Wenzako wanapima watu magauni, wewe unapima ngumi."

"Usicheke, mama. Utavuruga alama."

Fundi alilitoa donge polepole, akalipima kwa uzi: pale kiganja kinapojaa, pale gumba linapolala, pale kidole kisichokunjika kitakapochongewa mfereji wa kupumzikia. Kovu lilipita mbele ya macho yake. Lilikwenda upande huu, likarudi upande ule, kama njia ya sisimizi. Yeye ambaye akionyeshwa kipande cha ngozi husema kimekatwa kwa kisu gani, kovu la mama yake hakuwahi kulitazama mara mbili.

Kosa lake alilijua. Kisu alikitengeneza mwenyewe, nyuma ya nyumba yake, kutokana na msumeno uliovunjika. Bapa lilitoka zuri, jembamba. Lakini siku ile alikuwa na haraka, na mpini akaupima kwa kiganja chake. Ndilo kosa la mafundi wote: mkono ulio karibu ndio unaopimwa. Kiganja cha mama ni kidogo. Alikiviringisha kisu kwenye gazeti, akampa jirani ampelekee. Siku chache baadaye akasikia mama amekatika mkono.

Aliingia mbio. Mama alikuwa ameketi, mkono umefungwa bandeji, na kisu kiko mezani.

"Ni mpini!" alilia kabla hata ya salamu. "Umekuzungukia mkononi. Nilipima kwa mkono wangu, mama. Kwa mkono wangu!"

Mama alifungua kinywa. Akakifunga. Akamvuta, akamlaza kichwa mapajani.

Tangu hapo hakutengeneza kisu kingine. Wapishi wa mahotelini walipiga simu mpaka wakachoka. Alichonga mipini tu, yote ya mkono mmoja.

Zamani alikuja kwa mama mara moja moja, akaketi ukingoni mwa kiti, funguo mkononi, chai ikapoa hajainywa. Siku hizi alikuja kila alasiri. Alikuwa na kikombe chake rafuni na ndara zake mlangoni. Alikaza bawaba, akafua mapazia, akamenya kila kilichohitaji kumenywa. Na kila alipoanza kuomba radhi, mama alimkatiza.

"Kisu chako hakina kosa, mwanangu."

Huruma hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Mpini wa kwanza mama aliugeuzageuza, akauliza, "Huu mpini au mguu wa meza?" Wa pili ulimchoma kiganja "kama wifi mwenye maneno." Wa tatu, alisema, unateleza. Wa nne alikaa nao siku mbili, akaurudisha bila kueleza, macho yako dirishani.

Fundi hakunung'unika. Aliyekata ndiye wa kushona.

Sasa wa tano. Alibana mti kwenye jiliwa aliyoifunga ukingoni mwa meza ya jikoni. Akapitisha tupa, kisha msasa mkali, kisha msasa laini. Kidogo kidogo: mti ukishautoa, huurudishi. Kila baada ya mikwaruzo kumi aliutia mpini mkononi mwa mama, akauchukua tena, akapunguza tumbo lake kwa unene wa ukucha.

Kesho yake, gundi ilipokauka, mama aliweka kabichi ubaoni.

Kisu kilishuka. Kikashuka tena. Kidole kigumu kililala mferejini mwake kama mtoto aliyeshiba, na kabichi ikaanguka nyuzi nyuzi, nyembamba, mbiombio, kama zamani. Mama alijaribu kukunja uso. Mkono ulimkatalia.

"Umenikaa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi.

Fundi aliketi sakafuni. Alicheka, akajifuta machozi kwa mkono uliojaa vumbi la mti.

"Basi. Sasa naweza kuacha."

"Kuacha nini?"

"Visu. Mchomeleaji wa mtaani kwangu anakuja saa kumi kuchukua jiliwa, tupa, na mashine ya kunolea. Vyote."

Kisu kilisimama katikati ya kabichi.

"Wewe? Tangu una miaka tisa unanoa hata vijiko vyangu!"

"Mkono uliomkata mama yake hauna haki ya kushika tupa. Nilingoja mpini mmoja tu ukukae, niondoke na deni moja pungufu."

"Mpigie huyo mtu. Asije."

"Mama, nimeshaamua."

"Nimesema mpigie."

"Niambie kwanza umenisamehe."

Mama aliweka kisu chini. Alikiangalia kidole chake kwa muda, kisha akamwangalia binti yake pale sakafuni.

"Kidole hiki kilikatwa na bati la banda la kuku, siku moja kabla kisu chako hakijafika. Ulipoingia hapa unalia, nilikuwa sijakuona wiki saba." Akachukua kisu, akaendelea kukata kabichi. "Na msamaha siombi."