Kijiko cha Jamu

Saumu aliingia jikoni na habari njema kwa mama mkwe wake: duka kubwa la mjini limekubali kuuza jamu yao ya mapera, mradi lebo iseme inakaa mwaka mzima, si miezi sita. Lebo mpya alikuwa ameshazichapisha.

Bi Mwanaidi hakugomba. Alifungua kabati anamoweka chupa moja ya kila pishi, akatoa ya mwaka jana, akachota kijiko kimoja.

"Haina ukungu, mama," Saumu alisema. "Hata harufu ni ile ile."

"Naona. Basi mlishe mwanao."

Mtoto alikuwa mkekani, kinywa wazi, akingoja. Mkono wa Saumu ukagoma kukipokea kijiko.

"Na huko dukani wanakuja watoto," alisema Bi Mwanaidi kwa upole. "Ile miezi sita niliipima kwa tumbo hili. Mwaka bado sijaujua."

Akakilamba kijiko mwenyewe, hadi kikang'aa. Kisha akaketi, mikono tumboni.

Saumu akakaa kando yake, lebo mapajani, asithubutu kubandika hata moja, akimsikiliza anavyopumua.