Siku Tisini Bila Kukohoa

Sheria ya kodi inasamehe pengo la bima ya afya lisilozidi siku tisini, mradi unayeishi naye athibitishe kila Ijumaa kwamba hukuugua. Ukiugua, unatozwa kodi ya mwaka mzima, na shahidi aliyekuficha anatozwa pia.

Pengo langu lilianza shule niliyofundisha ilipofungwa. Mume wangu, Chande, akaanza kunichungulia. Nikichemsha tangawizi, anauliza ya nini. Nikilala mchana, anasimama mlangoni. Siku ya sitini nilikaanga pilipili, moshi ukanipalia, nikakohoa. Ijumaa ile aliandika, "Amekohoa."

"Ilikuwa pilipili, Baba Rehani. Hata wewe machozi yalikuchuruzika."

"Mimi si daktari. Nimeandika nilichosikia."

Cherehani aliyoniachia mama iliuzwa kulipia kodi hiyo.

Jumatatu mkataba wa Chande bandarini uliisha, na bima yake ikaisha nao. Tangu hapo ananiita mpenzi, na akienda kuoga hufungulia redio kwa sauti kubwa. Leo Ijumaa nilisimama nje ya bafu. Chini ya ile taarabu nilisikia kifua kikikwaruza, mara tatu.

Alipotoka na taulo, aliiona simu mkononi mwangu.

"Umeshatuma?"

"Nimeshatuma."

"Yalikuwa maji tu, yamenipalia. Mke gani anamsikiliza mumewe bafuni? Niombe radhi, kisha uwaandikie kwamba ulikosea."

"Mimi si daktari, Baba Rehani. Nimeandika nilichosikia. Na radhi sikuombi."