Mke Mwenza wa Chuma

Mkono wa chuma ulikamata hewa. Mche wa sabuni ukapita chini yake salama salimini, ukaanguka mwisho wa mkanda wa kiwanda, mbele ya viatu vya mnunuzi aliyekuja kutazama majaribio.

"Amri imechelewa tena," alisema Fundi, macho kwenye kompyuta. "Ni draiva ya kadi ya mtandao."

Hakuna aliyebisha, maana hakuna aliyeijua. Walichojua ni kwamba amri hutoka kwenye kompyuta, hupitia kwenye hiyo kadi, na ikichelewa kufumba na kufumbua, mkono hukosa sabuni. Draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, Fundi aliiandika mwenyewe, na hakutaka mtu aiguse. Waliouza mkono walipojitolea kuleta mtaalamu wao, alikataa katakata.

Wafungashaji walikuwa wamesimama ukutani na aproni zao, wamepisha majaribio. Mkewe Fundi alikuwa miongoni mwao. Wenzake waliuita ule mkono mke mwenza wake, kwa jinsi mumewe alivyoshinda nao.

"Leo bibi mdogo kakununia?" mkewe akamtania, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Ana kiburi huyu," Fundi akajibu, asimtazame. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa kwa ajili ya mkewe. Kazi hii aliihangaikia mpaka akakata tamaa ndipo akaipata, na kwa umri wake nani tena angemwajiri?

"Jaribu mara ya mwisho," Bosi akasema.

Fundi akabonyeza. Mkono ukashuka, ukachelewa, ukaiponda sabuni katikati.

Mnunuzi akamshika Bosi bega, akampa pole, akaenda zake. Bosi akaketi juu ya boksi tupu kama mtu aliyekatwa miguu.

"Kwisha habari yetu," alisema. "Yule ndiye mwenye oda. Angeridhika, ningefungua mkanda wa pili, na akina mama hawa wasingetosha, ningetafuta wengine. Nilinyamaza nisiwatie presha. Sasa nafunga kiwanda."

Fundi akainua macho kutoka kwenye kompyuta.

Wanawake wakavua aproni. Mmoja alikuwa akilia waziwazi, wengine walikunja tu nguo zao na kutafuta mikoba. Mkewe akaja akamgusa mgongo.

"Usijilaumu, baba watoto. Umejitahidi, kila mtu kaona. Nakungoja getini."

Ukumbi ulipobaki mtupu, Fundi akaifungua draiva, akafuta mstari mmoja wa kuichelewesha kadi, ule alioupachika siku mkewe alipomuuliza, "Mkono ukianza kufungasha, mimi nitafanya nini?" Kisha akabonyeza, na mkono ukapanga boksini sabuni zote zilizobaki kwenye mkanda, bila kukosa hata moja.